Nani Alimvisha Joho?

Mwanangu Halidi,

Habari za nguo, homa na chakula mama yako amekwisha kuzimaliza, tena amezirudia, nami sina la kuongeza. Najua sanduku lako lina dawa za kutosha kufungulia duka. Najua umeambiwa usinywe maji ya Mutsamudu kabla ya kuyachemsha, na najua utayanywa siku ya kwanza. Hayo tuyaache. Mimi nataka kukuandikia habari ya joho.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mkono wangu ulichofundishwa. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nikasoma huko, nikarudi hapa Moroni masharubu yakiwa ndiyo kwanza yanaota. Mdomoni nasema kama watu wa hapa, lakini nikishika kalamu nikiwa na hasira, Kiswahili ndicho kinachotangulia. Na usiku huu nina hasira. Ninayo tangu siku ile ya kikao cha bangweni, nawe tangu siku hiyo unakula haraka na kuondoka, ukidhani nimekukasirikia wewe.

Ngoja nikueleze siku ile nilivyoiona mimi kutoka mbele, maana wewe uliiona kutoka nyuma.

Mamluki walikuwa wameondoka majuma machache tu. Miaka yote ile Wazungu wachache wenye bunduki walikaa nchini kwetu, ndio wakuu wa Gadi ya Rais, wakiamua nani afungwe na nani auze nyama kambini. Rais waliyemrudisha wao wenyewe akauawa nyumbani kwake, na walinzi wake walikuwa wao. Kisha wakaja askari wa Kifaransa, na mamluki wetu wakapanda ndege wakenda zao. Hakuna aliyewauliza neno. Waliondoka kama wageni wa harusi walioshiba, na sisi tukabaki kupiga makofi, safari hii tukiwapigia waliokuja kuwaondoa. Mikono yetu haichoki, mwanangu. Anayetua tunampigia, anayeruka tunampigia.

Basi wazee wa mtaa tukaitana bangweni, uwanjani petu, kupanga sherehe ya kushukuru. Mzee Mlamali alishika fimbo yake, akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka anyamaziwe, akaanza kusema habari za nchi. Alisema sisi wazee tulipigana. Tulipigana kwa subira, kwa dua, kwa kufunga midomo. "Uzalendo wetu," alisema, "ulikuwa ndani ya vifua." Wenzangu wakaitikia. Na mimi niliitikia. Kichwa changu kilikwenda juu na chini pamoja na vyao.

Ndipo sauti yako ikatoka kule nyuma wanakosimama wasiofanya harusi ya ada.

"Kwezi, wazee wangu. Nina swali moja tu. Yule Kapteni wa Gadi, siku ya harusi kuu, nani alimvisha joho?"

Niliijua sauti yako kabla sijageuka, na sikugeuka.

Hakuna aliyekuitikia "mbona", kama mzee anavyopaswa kumwitikia kijana aliyemwamkia. Hilo peke yake lilikuwa utovu wa adabu, na haukuwa wako. Kisha mmoja akauliza, "Huyu kafanya ada lini?" Watu wakacheka. Na mwingine, yule mwenye sauti nyororo anayependa kuonekana mwadilifu, akasema maneno ambayo hayajaniondoka kichwani: "Swali lenyewe si baya. Kinywa ndicho hakina haki."

Sheria yetu unaijua. Asiyefanya harusi kuu, ile tunayoiita ada, akalisha mji, akachinja na kutoa dhahabu, hana kauli bangweni hata akiwa na mvi kichwa kizima. Ni mtoto. Wewe ni mwalimu wa shule, unafundisha watoto wa hao hao waliokucheka, lakini pale ni mtoto. Ukatozwa faini hapo hapo: ng'ombe na magunia ya mchele, au uombe radhi mbele ya watu, na ukikataa nyumba yetu itengwe. Tangi la maji la msikiti wetu linavuja tangu wewe hujabaleghe, na kila mwaka tunakaa kikao, tunaahirisha. Kukutoza wewe faini hakukuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Na ng'ombe huyo, kama kawaida, ataliwa na mahakimu.

Ulikataa. Ukaja nyumbani ukaniuliza kitu kimoja tu, "Baba, ulikuwepo?" Nikakujibu, "Nilikuwepo." Ukaingia chumbani. Kesho yake ukaenda kuomba uhamisho wa kwenda Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine.

Sasa nami nina swali kwako. Hujapata kujiuliza kwa nini baba yako, mtu aliyefanya ada na kushonewa joho lake mwenyewe, miaka hii yote huenda bangweni amevaa joho la kuazima la mjomba wako, ambalo kwangu linaishia magotini? Watoto hunicheka njiani. Nilidhani siku moja utauliza, lakini nyumba yetu inajua kunyamaza.

Joho alilovishwa Kapteni lilikuwa langu. Nalitaja mapema, sitaki usome karatasi zote hizi ukingoja. Uliuliza nani alimvisha. Aliyemtundikia mabegani ni Mlamali, na aliyelitoa sandukuni ni baba yako.

Kasirika, una haki. Lakini usiikunje barua, endelea kusoma.

Siku mamluki walipotua, mwaka wa sabini na nane, wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza shule. Nilikubeba mabegani tukatoka barabarani pamoja na mji mzima. Watu walirusha maua ya mlangilangi. Ulipunga mkono, na Mzungu mmoja mwenye ndevu akakupungia, ukafurahi siku nzima. Nisikudanganye kwamba tulikuwa wapumbavu tu. Kabla yao tulitawaliwa na vijana waliopewa bunduki kabla ya kupewa akili. Waliwadhalilisha wazee hadharani, wakachoma makaratasi ya serikali, wakapiga marufuku ada. Watu walikufa, na watu wa Ikoni mpaka leo wanawalilia wafu wao. Tulikuwa tumechoka kuogopa watoto wetu wenyewe. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtu alilijua siku ile na hakuna aliyelisema: mkuu wa hao waliokuja kumwangusha mtawala wa vijana hao ndiye yule yule aliyemsaidia kupanda miaka mitatu nyuma. Alilipwa kumpandisha, akalipwa kumshusha. Nasi tulikuwa barabarani na maua.

Basi waliturudishia ada. Hicho ndicho walichotupa, na kwetu kilitosha. Ngoma zikalia tena, ng'ombe wakachinjwa, dhahabu ikatolewa kwenye masanduku. Mimi nilifanya harusi kuu yangu na mama yako, tuliyekuwa tumeoana naye zamani kwa ndoa ndogo, katika miaka ile ile ya mwanzo. Ulishaziona picha. Nilikopa, niliuza, kaka zangu walioko Ufaransa wakachanga, nikashonewa joho jeusi la nyuzi za dhahabu kwa urefu wangu huu wa mnazi. Nilipolivaa mara ya kwanza nikaketi mbele, nililia. Mvulana wa Unguja aliyeitwa mgeni Unguja na mgeni Moroni, sasa ana mahali pake pa kukaa. Nakuambia haya ujue nilichokuwa nakitoa sandukuni siku ile. Halikuwa nguo tu.

Sasa Hamadi. Wewe unamjua Hamadi wa sasa, anayekugeuzia sikio la kulia ukimsemesha. Kabla ya hapo alikuwa kijana mcheshi, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, mtoto wa pekee wa jirani yetu Bi Sitina. Siku moja alikutwa na vikaratasi vinavyouliza nani anaitawala nchi hii. Vilikuwa na swali tu, kama lako. Wakamchukua kambini, na yule Kapteni, Mzungu wa Gadi, ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu pale. Aliporudi sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena, na akiona gari la kijani anaingia mlango wowote ulio karibu.

Alipokuwa bado ndani, Bi Sitina alitujia sisi wazee. Alikaa chini kwenye mkeka, hakulia. Alisema, "Nyinyi ndio wenye kauli. Vaeni majoho yenu mwende mkamwombe huyo Kapteni amwachie mwanangu. Mkiwa wengi hatawakataa." Hakutuomba kitu kikubwa. Ndiyo kazi ya majoho, au ndivyo tulivyofundishwa. Mlamali akamjibu, "Subira, mama. Wakubwa wana mambo yao." Bi Sitina akatutazama mmoja mmoja. Alipofika kwangu, mimi nilikuwa naangalia kofia yangu.

Haikupita miezi mingi Mlamali akawa anafanya harusi kuu ya binti yake. Alinijia dukani asubuhi, mchangamfu.

"Tuna mgeni mkubwa leo," akasema. "Tatizo ni mrefu, na majoho yetu yote yatamfika kiunoni. Mtaa huu mrefu ni wewe."

"Mgeni gani?"

"Kapteni. Kasilimu, kachukua jina zuri, ana mke wa hapa. Tunamkalisha mbele."

Ningependa kukuambia kwamba niliogopa. Mtu akiogopa husamehewa. Lakini sikuogopa hata kidogo, Halidi. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba katika majoho yote ya mtaa, langu ndilo lililofaa. Nikaenda mwenyewe nyumbani kulichukua, nikalipiga brashi. Mama yako alikuwa kwao siku ile akisaidia kupika. Kama angekuwepo, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Uliiona harusi ile ukiwa juu ya ukuta na vijana wenzako. Uliona Kapteni akivishwa, ukaona viatu vyake vya kijeshi vikichungulia chini ya joho. Ambacho hukukiona ni nyuma. Kule nyuma alisimama marehemu Mzee Kari, mshona kofia. Kofia zote za mstari wa mbele, ikiwemo yangu, zilitoka kwenye sindano yake. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na kwa kuwa hakupata kamwe uwezo wa kufanya ada, alisimama na watoto. Siku moja miguu ilimuuma akakaa kwenye benchi isiyo yake, tukamtoza faini ya mbuzi. Mimi nilikula nyama ya mbuzi yule, tena nikasema ina mafuta. Na sasa Mzee Kari amesimama, na kijana wa Kizungu aliyemwondolea Hamadi usikivu ameketi mahali ambapo mimi nilitoa nusu ya maisha yangu kufika. Tuna faini ya kukaa benchi mbaya. Tuna faini ya kuchuma shelisheli la jirani. Faini ya kumkalisha mtu mbaya kwenye benchi ya mbele hatuna.

Na uani alikuwepo Bi Sitina akipepeta mchele, maana jirani hakatai harusi ya jirani. Akachungulia mlangoni aone mgeni gani anapigiwa vigelegele. Joho langu alilijua. Alikuwa mmoja wa wanawake waliolipigia vigelegele siku yangu. Tangu siku ile hajanitamkia neno hata moja juu yake. Kila asubuhi ananiamkia, "Mmeamkaje huko?" na kila asubuhi namjibu, "Salama." Afadhali angenitukana.

Joho lilirudi kesho yake likinuka sigara. Mama yako alikuwa amekwisha kuambiwa. Ada ya nyumba unaijua, joho likirudi kutoka shughulini mke hulifukiza udi kabla ya kulikunja. Yeye alilishika kwa vidole viwili.

"Limevaliwa na mtu aliyempiga Hamadi," akasema. "Mimi silifukizi. Na sandukuni mwangu haliingii."

"Basi nitalitia wapi?"

"Muulize aliyelivaa."

Akalitupa katika gunia tupu la mchele, akalitundika stoo nyuma ya mitungi. Liko huko mpaka leo. Ndiyo maana ya joho la mjomba wako. Ulidhani mimi na mama yako hatugombani mbele yenu kwa heshima. Sisi tulishagombana mara moja tu, ugomvi ukatundikwa ukutani.

Hayo yote ningeweza kuzeeka nayo. Nilikuwa nimeanza kuzoea, mtu huzoea. Kilichoniamsha ni ziara ya Mlamali baada ya wewe kutozwa faini. Alikuja jioni, akaketi kitini pangu, akakoroga chai muda mrefu.

"Usituone wabaya," akasema. "Tumekufanyia hisani. Kijana tungemwacha aendelee, ingeulizwa pia joho lenyewe ni la nani. Tumemfunga mdomo kwa ajili yako."

Nikamwongezea chai. Huyu ndiye baba yako: mwanawe ametozwa faini ili yeye afichwe, na anamwongezea chai aliyekuja kumdai shukrani. Mlamali akaondoka akinipigapiga bega. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka, akachukua kikombe alichonywea mgeni, akakiosha mara tatu.

Nimekuwa nikimkasirikia Mlamali usiku na mchana, mpaka nikachoka, na nilipochoka nikaona kwamba hasira hiyo ilinipa starehe. Ukimtukana mwongo mkubwa unasahau uongo wako mdogo. Sasa mji mzima uko katika starehe hiyo. Nenda sokoni, kila mtu alikuwa mpinzani. Aliyewauzia nyama alikuwa akiwauzia mifupa kwa makusudi. Aliyewafulia nguo alikuwa akiwatilia upupu. Aliyeimba katika sherehe zao alikuwa akiimba kwa mafumbo. Nchi hii ilikuwa na wapinzani wote hawa, halafu Wazungu wale wachache wakatukalia miaka zaidi ya kumi! Lazima walikuwa na miujiza. Bendera zimekwisha madukani, kila mmoja kanunua. Na Hamadi anapita katikati ya bendera hizo akiwageuzia sikio la kulia, na hakuna anayemwambia, "Ndugu, tulijua, tukanyamaza."

Kuhusu huko uendako, nina maneno machache. Mimi Mutsamudu niliingia mara ya kwanza nikiwa njiani kurudi kutoka Unguja. Meli ilitia nanga siku mbili, nikaingia mji wa zamani chini ya ngome, nikapotea katika vichochoro vile mpaka mwanamke mmoja aliyejifunika shiromani, shuka la wanawake wa kule, akasema kutoka nyuma ya mlango, "Mgeni, umepita hapa mara ya tatu. Unatafuta mji au unatafuta mke?" Nilitafuta mji, lakini nilichelewa kujibu. Watu wa kule wanasema mambo usoni. Utalipenda hilo, kisha litakuudhi.

Watakuita Mngazija, na watakuambia kwamba watu wa Moroni ndio waliowakumbatia mamluki na kula nao. Usikasirike haraka, maana ni kweli. Lakini akikuambia mtu kwamba wao kule hawakuwakumbatia, muulize habari za Fundi Bakari. Fundi huyo utakayekaa kwake, mwalimu wa chuo cha Kurani na rafiki yangu tangu Unguja, aliwahi kuitwa na wakubwa wa mji wake kusoma Fatiha kwenye nyumba mpya ya mmoja wa maofisa wa mamluki. Alisema koo lake linauma. Wakamwambia watangoja lipone. Akasema halitapona mpaka nyumba hiyo ipate mwenyewe mwingine. Wazazi waliokuwa na nafasi serikalini wakawatoa watoto wao chuoni kwake, akabaki na watoto wa maskini, wakisoma kwenye mkeka uliotoboka. Haya sikuyasikia kwake. Nilipomuuliza, alibadilisha mazungumzo akanionyesha mbuzi wake. Na nimesikia kwamba sasa, wakati kila mtu wa mji wake anasimulia ushujaa, yeye bado anazungumzia mbuzi. Mtazame tu. Usimsifu, atakufukuza.

Na habari yako usiifanye kitambulisho. Utakuta watu watakaofurahi kukuona umetozwa faini Moroni, watataka uisimulie kila barazani. Ukiisimulia mara kumi itaanza kunoga, na ikinoga jihadhari. Mlamali naye alianza na subira kidogo tu ya kweli, akaisimulia mpaka ikawa vita. Swali uliuliza mara moja, kwa adabu, mbele ya waliohusika. Hilo linatosha maisha.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Faini yako sijailipa wala sitailipa. Kesho ni Ijumaa. Ndege yako inaruka asubuhi, na sherehe ya bangwe ni baada ya sala. Mlamali atasema habari za vifua. Akimaliza, kwa ada yetu, kila mwenye joho ana haki ya kusimama na kusema, na hakuna awezaye kumkatiza mpaka akae mwenyewe. Haki hiyo niliinunua kwa ng'ombe na kwa madeni, na tangu niinunue sijaitumia kwa jambo la maana hata mara moja. Nimewahi kusimama kusifu pilau.

Nitasimama. Nitawaamkia kama ulivyowaamkia. Nitauliza swali lako, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza: nani alimvisha joho? Kisha nitawajibu kwa upande wangu. Nitasema, joho ni hili, nililitoa mimi, kwa furaha, na Bi Sitina alikuwa uani. Baada ya hapo nitamwomba radhi Bi Sitina na Hamadi mbele ya watu wote, kwa majina yao. Halafu nitakaa. Wengine wakitaka kujibu kwa upande wao, watajibu. Wasipotaka, swali litakuwa limekaa pale katikati na halitozeki faini.

Utauliza kwa nini sikungoja uwepo. Ningekungoja, wangesema baba anamtetea mwanawe, na jambo lote lingegeuka kuwa habari ya ukoo. Na nakujua, ungesimama pamoja nami kutoka kule nyuma, wakapata tena kinywa kisicho na haki cha kukirukia. Ndiyo maana barua hii nitaificha chini ya mashati, uikute ukishafika. Usirudi mbio. Wana wa watu wanakungoja darasani.

Nitalipia, najua. Mstari wa mbele nitaondolewa. Dukani wataacha kuingia kwa muda. Lakini kilichonizuia siku hizi zote si hicho, ni dada yako. Harusi ya Zahara iko karibu, na nyumba iliyotengwa haipati wapishi, wala wapiga dufu, wala wa kuketi. Leo baada ya wewe kwenda kuwaaga wenzako nikawaita yeye na mama yako, nikawaeleza. Mama yako akaniuliza, "Na mtoto?" Zahara alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Baba," akasema, "wasipokuja, pilau itatutosha sisi, na Bi Sitina na Hamadi. Kwani bibi harusi si mimi?"

Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka. Sijui nimezaa watoto hawa vipi. Wote wawili mna kitu ambacho mimi nilikitafuta kwenye joho.

Mama yako hakusema ndiyo wala hapana. Aliinuka, nikadhani amekwenda kulala kwa hasira. Nikakaa nikaanza kukuandikia. Nilikuwa nimeamua kwamba kesho nitakwenda stoo mwenyewe, nilitoe joho guniani na mikunjo yake na panya wake, nilivae hivyo hivyo, liwanukie.

Lakini karatasi mbili zilizopita nilisikia gunia likikung'utwa. Kisha nikasikia pasi ya mkaa. Na sasa hivi, mwanangu, ninapokuombea Mungu akufikishe salama na akupe ulimi usioogopa na usiojisifu, moshi unaingia kwa chini ya mlango. Mama yako amewasha chetezo. Nyumba nzima inanukia udi.

Ni mimi baba yako.